Hakuna Malalamiko

Jumatatu, 2 Machi

Naandika kwenye kitabu cha majibu kilichobaki kwenye mtihani uliopita. Jalada lake linadai namba ya mtahiniwa, nimeiacha wazi. Mama mkwe ameniona na kalamu, akauliza barua ni ya nani. Nikamwambia ni ya mtu asiyejibu.

"Basi ni ya mwanangu," akasema, akaendelea kuchambua mchele.

Mume wangu ameondoka jana. Kwa miaka kumi na moja alikuwa mpanga ratiba wa kitivo chetu, mlango wa tatu kutoka wangu. Mwaka huu Baraza la Chuo limeamua kwamba vitivo viache kujipangia. Ratiba zote zitapangwa Makao Makuu, na wapanga ratiba wote wamekusanywa huko. Ni majaribio ya muhula mmoja. Mwishoni kila kitivo kitaandika taarifa, Baraza litakaa na kuamua. Mambo yakienda mrama, watu watarudi walikotoka. Yakienda vizuri, watabaki huko moja kwa moja.

Ni mwendo wa saa saba kwa basi. Mimi ni katibu wa kitivo, kazi yangu iko hapa. Mama yake tunaishi naye, na akikaa garini nusu saa tu miguu inavimba. Kwa hiyo tumebaki wanawake wawili na redio moja.

Jumanne, 3 Machi

Ratiba mpya imefika, ina muhuri kila ukurasa. Mkuu wa Kitivo ameibandika ubaoni kwa mikono yake, akarudi nyuma hatua tatu kuitazama. Ni mtu mwema, ila muhuri humlegeza kabisa.

Nimeisoma kwa dakika tano nikatamani kukaa chini. Somo la takwimu limewekwa Chumba cha Saba, ambacho mwaka wa nne huu ni stoo ya viti vilivyovunjika. Kipindi kimoja kinaisha saa nne jengo kuu, kinachofuata kinaanza saa nne ile ile kwenye shamba la mafunzo, dakika ishirini kwa miguu. Huko Makao Makuu kila kitu kiko chini ya paa moja, nadhani wanafikiri dunia yote iko hivyo. Na yule binti wa mwaka wa pili anayetembea kwa magongo, vipindi vitano kwa wiki amepandishwa ghorofa ya pili.

Nimempigia mume wangu. Nilijua si kazi ya mkono wake.

"Siruhusiwi kugusa kitivo chetu," akasema. "Utaratibu wa huku. Mtu hapangi alikotoka, asije akapendelea. Mimi nimepewa Kitivo cha Sheria."

"Unawajua watu wa sheria?"

"Sijawahi hata kukanyaga jengo lao."

Tukacheka wote, lakini mimi niliacha kucheka kwanza.

Jumatano, 4 Machi

Kila kosa linatakiwa lijaziwe fomu ya malalamiko, nakala tatu, sahihi ya katibu wa kitivo. Nimepewa kitabu kizima cha fomu. Mume wangu amenidokeza kwamba bosi wao huzihesabu kila wiki, na Ijumaa anasoma hesabu mbele ya wote, kitivo kwa kitivo. Mwenye fomu nyingi alikotoka anatazamwa kana kwamba yeye ndiye aliyewachochea watu wake.

Nilishaandika jina la binti wa magongo kwenye fomu ya kwanza. Kisha nikamfikiria mume wangu amesimama pale na shati lake la bluu nililompigia pasi mwenyewe. Nikairudisha fomu kwenye droo.

Nimechukua penseli. Nimekwenda kwa mwalimu wa somo la udongo, nikamwomba ampishe binti chumba cha chini. Akakubali kabla sijamaliza sentensi. Ubaoni hairuhusiwi kubandikwa karatasi isiyo na muhuri, kwa hiyo mabadiliko nimeyabandika kwenye mlango wa ofisi yangu.

Ijumaa, 6 Machi

Mabadiliko tisa. Nyumbani tumekula mabaki.

Alhamisi, 12 Machi

Wanafunzi wameshazoea. Hawautazami ubao tena. Nawasikia kwenye korido asubuhi: "Mlango umesemaje?" Wa mwaka wa kwanza tu ndio bado wanaamini muhuri, maskini, unawakuta wamejipanga nje ya stoo ya viti.

Jumamosi, 21 Machi

Amekuja jana jioni! Mama mkwe alijidai hana habari, lakini tangu saa tisa alikuwa amevaa gauni la kutokea. Mume wangu amekonda kidogo, amenyoa vizuri kuliko nilivyozoea. Leo ametengeneza bomba la jikoni, amekata kucha za mama yake, na wakati wote anasimulia. Huko kuna ukuta mzima wenye ramani ya vyumba vyote vya chuo. Naibu Makamu Mkuu alimwita kwenye kikao, akamwuliza maoni yake.

"Na unajua kitivo chenu kina malalamiko mangapi?" akaniuliza. "Sifuri, mke wangu! Sifuri! Wengine wana arobaini, hamsini. Bosi ameniambia, watu wako wana nidhamu."

Nilikuwa na maneno mdomoni. Nilimtazama uso wake, nikayameza na chai.

Jumapili, 22 Machi

Ameondoka na basi la saa sita. Ameahidi kuja kila baada ya wiki mbili. Nimefua kila kitu isipokuwa foronya yake.

Jumanne, 24 Machi

Mvua zimeanza. Chumba cha Nne kinavuja palepale panapovuja kila mwaka. Mabadiliko mawili.

Ijumaa, 3 Aprili

Hakuja. Ana kikao.

Jumatano, 8 Aprili

Mwalimu wa takwimu amekuja ofisini, akafunga mlango kwa adabu. Mke wake anasafishwa damu kila Alhamisi asubuhi na yeye ndiye anayempeleka. Zamani hakuhitaji kumwambia mtu. Mume wangu alikuwa anaiacha Alhamisi yake wazi bila kuulizwa wala kuambiwa asante. Mwaka huu amepangiwa Alhamisi saa mbili. Wiki zote hizi amekuwa akikodi mtu ampeleke mkewe.

Nimembadilishia kipindi na mwalimu wa misitu. Ilichukua dakika sita.

"Dada," akaniambia akitoka, "siku ukistaafu wewe, sisi tumekwisha."

Nimecheka. Ni sifa tamu, siwezi kusema uongo, nimetembea nayo mpaka nyumbani.

Ijumaa, 17 Aprili

Hakuja. Kuna wageni wa chuo kingine wamekuja kuangalia ramani ya ukutani.

"Hao wageni hawana mama?" ameuliza mama mkwe. Hakuniangalia aliposema. Alikuwa ameshavaa gauni la kutokea.

Jumapili, 19 Aprili

Mvua kutwa. Nimekumbuka jambo la kijinga: alikuwa akipita mbele ya ofisi yangu saa nne kamili kwenda kuchota maji ya moto, anagonga mara moja bila kuingia. Miaka kumi na moja niliona kero. Sasa ikifika saa nne nasita kuandika, nategea sikio korido, halafu najionea aibu.

Nina hamu naye mpaka mikono inauma. Nimeandika hivyo na sifuti.

Jumatano, 22 Aprili

Amepiga simu akiwa na haraka. Mwenye kuongoza Ofisi ya Ratiba anahamishwa. Jina la mume wangu limetajwa, majaribio yakifaulu. "Na ni kwa ajili ya kitivo chetu," akasema. "Ndicho mfano. Kila hotuba wanakitaja."

Nikamwambia hongera. Kisha nikaenda kusimama mbele ya mlango wangu. Karatasi zimefika chini ya kitasa, mabadiliko hamsini na nane, na kila moja nimeliandika mimi. Nimekuwa nikiyaficha makosa asidhalilike. Na kwa sababu nimeyaficha, kule wanaona mambo yanakwenda vizuri. Na kwa sababu yanakwenda vizuri, hatarudi. Nimeukata mti nikiwa nimekaa juu yake, tena kwa bidii.

Jumatatu, 27 Aprili

Homa. Nimelala. Mama mkwe amenifunika mablanketi matatu.

Jumanne, 28 Aprili

Homa bado.

Alhamisi, 30 Aprili

Sijui nianzie wapi. Nitaandika kama ilivyokuwa.

Tangu Jumatatu mpaka jana sikuwepo kazini. Mwalimu wa udongo alikuwa safarini wiki hii, na kile chumba chake cha chini kilifungwa, funguo anazo yeye. Nilikuwa nalijua hilo. Nilikuwa nimepanga Jumatatu asubuhi nimhamishie binti wa magongo maabara ndogo. Nilipanga kichwani tu. Sikumwambia mtu, kwa sababu tangu Machi sikuwahi kumwambia mtu. Watu walisoma mlango, basi.

Mlango ulibaki na karatasi ya wiki iliyopita. Jumanne binti alikuta chumba cha chini kimefungwa. Akasubiri. Akaenda kwenye mlango wangu, hakuna jipya. Akaenda ubaoni, ubao ukamwambia ghorofa ya pili, na siku hiyo kulikuwa na jaribio. Akapanda. Ngazi zile mvua inapiga upande, zinateleza hata kwa mwenye miguu miwili mizima. Alifika juu. Alifanya jaribio lake lote. Ni wakati wa kushuka ndipo alipoanguka.

Amevunjika mkono wa kulia, karibu na kiganja. Ule anaoshikia gongo, ule anaoandikia.

Leo nimerudi kazini bado natetemeka, nikaenda moja kwa moja zahanati ya chuo. Alikuwa ameketi kitandani, mkono kwenye plasta. Nilikuwa nimejiandaa anilaumu. Ingekuwa nafuu.

"Pole na homa, mama," akaniambia yeye kwanza.

Nikaanza kuomba radhi, nikashindwa, nikakaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Nilitaka kujaza fomu mwanzoni kabisa," akasema. "Wenzangu wakaniambia, ya nini, mama wa mlango anarekebisha. Na kweli ulikuwa unarekebisha. Sasa wameniuliza hapa, ulishawahi kulalamika? Nikasema hapana. Wameandika hapana." Akatazama plasta. "Mitihani ni Juni. Nitaandika na nini, mama?"

Nilimshika ule mkono mzima.

Nimerudi ofisini nikautazama mlango wangu kwa muda mrefu. Miezi miwili nimewacheka Makao Makuu kwamba wanataka kila kitu kiwe kwenye kichwa kimoja, mbali na watu. Na mimi nilifanya nini? Nilikiweka kwenye kichwa kimoja, karibu na watu. Kichwa kikapata homa.

Jumatatu, 4 Mei

Nimempata mtu wa kumwandikia binti madokezo. Nimewapa funguo na orodha mwalimu wa takwimu na mtunza maabara, nao waweze kubadilisha. Mtunza maabara ameuliza, "Kumbe ilikuwa inaruhusiwa?" Nimemwambia haikuruhusiwa hata kwangu.

Ijumaa, 15 Mei

Hakuja. Sikumwuliza sababu, naye hakusema. Mvua imepungua.

Jumatano, 20 Mei

Mkuu wa Kitivo ameniletea taarifa ya muhula niisaini. Ni ukurasa mmoja. Mstari wa tatu umeandikwa: Hakuna malalamiko.

"Na yule binti?" nikauliza.

"Ile ni ajali ya ngazi," akasema, bila ubaya. "Haihusiani na ratiba. Dada, tumetajwa kwenye hotuba mbili. Na bwana wako..." Akatabasamu, akaniachia karatasi. Inatakiwa Ijumaa ya wiki ijayo.

Jumapili, 24 Mei

Nilimpigia mchana. Nilimwambia atoke nje, mahali asiposikika. Nikamwambia yote, kuanzia fomu ya kwanza iliyorudi kwenye droo. Mabadiliko sitini na tatu.

"Sitini na tatu," akasema taratibu. "Na mimi kila Ijumaa nimesimama mbele ya watu nasomewa sifuri."

"Nilikuwa nakulinda."

"Najua." Akavuta pumzi. "Taarifa umeshaipeleka?"

"Bado."

"Basi isaini ilivyo. Tafadhali, mke wangu. Nikipewa ofisi nitafuta ule utaratibu wa kijinga, kila mtu apange anakokujua. Nitaweka lifti kwenye hilo jengo. Nipe muhula mmoja tu."

"Ukipewa ofisi hutarudi."

Nilimwachia nafasi aseme "nitarudi". Ilikuwa nafasi kubwa, mtu angeweza kuipitisha lori. Nilisikia magari ya huko, nikasikia mtu akimwamkia kwa heshima, naye akimwitikia.

"Huku wananisikiliza," akasema hatimaye. "Huko miaka kumi na moja nilikuwa mtu wa ratiba. Ni nani aliwahi kuniita kwenye kikao? Hata wewe, nikigonga mlango, ulikuwa huinui kichwa."

Ni kweli. Ndilo lililoniuma zaidi ya yote, kwamba ni kweli.

"Na mama?" nikauliza.

"Mama yuko na wewe."

"Na mimi niko na nani?"

Akasema salio linaisha. Mimi ndiye niliyekuwa nimepiga.

Jumatatu, 25 Mei

Nimeandika taarifa mara mbili, nimeichana mara mbili. Kila nikiandika ukweli najiuliza: ni kwa ajili ya binti, au namvuta mume arudi kwa nguvu? Au namwadhibu tu? Siwezi kuutambua moyo wangu mwenyewe, umekuwa na kona nyingi.

Mama mkwe alisikia simu yote jana. Nyumba yetu si kubwa. Leo amenikuta mezani na vipande vya karatasi. Ameketi, ameinua miguu yake juu ya stuli.

"Mwanangu," akaniambia, "usimrudishe kwa karatasi. Akirudi kwa karatasi atakaa hapa amenuna. Mwanamume mwenye kununa nimeishi naye miaka thelathini, nikamzika. Sitaki mwingine."

"Kwa hiyo nisaini?"

"Nimesema hivyo? Yule mtoto aliyeanguka, mwandikie. Mwandikie yeye peke yake. Yule mwanangu mtoe humo."

Akaniomba nimpe chai. Alipoipokea aliiweka mezani bila kuionja, nikajua kwamba yeye pia alikuwa amemtoa humo sasa hivi, mbele yangu, na halikuwa jambo dogo.

Ijumaa, 29 Mei

Nimepeleka. Ule mstari wa tatu nimeukata, nikaambatisha kurasa zote za mlango, mabadiliko sitini na tatu, na la sitini na nne: badiliko lisilofanyika, kwa sababu katibu aliugua. Chini nimeandika: "Ratiba hii haikufanya kazi. Watu wa kitivo ndio waliofanya kazi, kwa siri, na siri ilikuwa kwa mtu mmoja. Naomba vitivo vijipangie tena, na kila kitivo kipange kwa watu watatu, si mmoja." Nikasaini jina langu lote.

Mkuu wa Kitivo aliisoma akiwa amesimama. Kisha akatoa kalamu, akasaini chini yangu. "Nilipita kwenye mlango wako kila siku," akasema. "Nami nilikuwa nausoma."

Ijumaa, 5 Juni

Hajapiga simu. Jua kali.

Jumatatu, 8 Juni

Hajapiga.

Jumatano, 10 Juni

Mitihani imeanza. Binti wa magongo anafanya maabara ndogo, chini, anamtamkia mwandishi majibu. Amepewa muda wa ziada. Nilipita dirishani, akaninyooshea kidole gumba cha plasta.

Ijumaa, 12 Juni

Baraza limekaa. Ratiba zinarudi vitivoni. Makao Makuu yatabaki na kumbi za mitihani tu. Baada ya taarifa yetu, vitivo vingine vinne vimekiri navyo vilikuwa na milango yao. Wapanga ratiba wana wiki moja ya kuchagua: kurudi walikotoka, au kuomba nafasi nyingine huko huko.

Nimefua foronya.

Ijumaa, 19 Juni

Orodha ya wanaorudi imefika saa tano, na dereva, ndani ya bahasha yenye muhuri. Majina sita. Nimeyasoma kutoka juu kwenda chini, kisha kutoka chini kwenda juu, kana kwamba jina lake lingekuja tu nikiingilia mlango wa nyuma.

Mama mkwe hakuuliza. Alinitazama mikono, akaenda kuzima redio.

Jumatatu, 22 Juni

Amepiga leo, saa nne na kitu, nikiwa kwenye meza iliyokuwa yake. Wametupa ratiba, mimi na mwalimu wa takwimu na mtunza maabara. Tulikuwa tumezitandaza karatasi, kila mmoja na penseli yake, tunabishana juu ya Chumba cha Nne na mvua za mwaka ujao.

Nikatoka kwenye korido.

Amepata nafasi ofisi ya udahili. Amesema hana kinyongo. Amesema mabadiliko yale aliyasoma yote sitini na nne, na mengi angeyafanya vilevile. Amesema atakuja kumwona mama, hajui lini, kazi ni mpya. Kisha, kwa ile sauti yake ya zamani, akasema, "Njoo wewe. Mama tumtafutie mtu siku chache. Utakuja lini?"

Mwezi wa tatu ningemjibu kesho, na ningekwenda na ndala. Hata leo neno hilo lilinifika kwenye ulimi. Lakini karatasi zilikuwa zimetandazwa mle ndani, na watu wawili wananisubiri. Nikachungulia mlangoni, nikaipitia ratiba wiki kwa wiki.

"Wiki ya sita ya muhula mpya," nikamwambia. "Alhamisi mpaka Jumamosi. Kabla ya hapo sina nafasi."

Nilisikia tena magari ya huko.

"Mbali hivyo?" akauliza, na sauti ikamkatika kidogo mwishoni.

Karibu miezi minne nilikuwa nimemsubiri aulize hivyo.